Jumapili Ulikula Nini

Wanangu, mtu akiniuliza kwenye sherehe nilikuwa nafanya kazi gani, kwanza naangalia kama sahani yake imeisha. Kama bado ana pilau, namwambia nilikuwa serikalini, basi. Akishamaliza ndiyo namwambia ukweli: nilikuwa nasimamia wanaume waliofungwa kwa makosa mabaya ya ngono, wale ambao hakimu alisema ni wa hatari na hata wakimaliza kifungo wasiachwe hivi hivi. Wanatoka, lakini wanatoka na amri ya kusimamiwa kwa miaka mingi, na msimamizi ndiye mimi. Hapo watu husogeza viti. Wengine husogea mbali, wengine karibu. Nyie juzi mlisogea karibu, mkasema mnasomea kazi hiyo hiyo, mkaniomba niwaandikie. Mliniomba kwa Kiingereza. Nawajibu kwa Kiswahili makusudi, ili mkikwama kwenye neno muwapigie wazazi wenu simu, maana najua hamjawapigia wiki hii.

Majina nimebadilisha yote. Mkidhani mmemjua mtu, mmekosea.

Nianze na aibu yangu ya kwanza, tuimalize. Nilikuwa mgeni kazini, nimekuja Kanada kutoka Tabora sina muda mrefu, baridi bado inanipiga makofi. Wakaniweka nikae na mwanamume mmoja ametoka gerezani wiki hiyo. Akaanza kunieleza alivyokaa ndani miaka, mkewe akamwacha, meno yakang'oka. Mimi kwa mazoea ya kwetu nikawa naitikia tu: pole, pole sana. Ila nilikuwa nasema kwa Kiingereza, na Kiingereza hakina pole. Kina samahani. Jamaa akatoka pale ametunisha kifua, akaingia kwenye kikao chake cha matibabu akawatangazia wenzake kwamba hata msimamizi wake amemwomba radhi kwa niaba ya serikali.

Aliyekuwa anaendesha kikao hicho ni Daktari Shirin. Huyu mama lazima mumjue, maana kila nilichokijua kuhusu kazi hii kilitoka kwake. Ni mtaalamu wa saikolojia, mfupi, mwenye miwani mikubwa. Familia yake walikuwa na duka la vitambaa Mwanza kabla ya kuhamia huku, na Kiswahili chake ni kile cha kwenye kaunta. Alinikuta kwenye korido akaniuliza, "Wewe ndiyo umesema pole?" Nikasema ndiyo. "Pole ya nini? Iko nani amefiwa?" Nikataka ardhi inimeze. Akanishika bega, akacheka mpaka miwani ikateleza, akanipeleka kunywa chai. Tangu siku hiyo tukawa watu wa chai.

Aibu ya pili si kubwa. Nilikwenda kumtembelea mtu mpya niliyekabidhiwa kumsimamia, sura yake sijaiona bado, mtaa wa Flemingdon Park, bila kumwambia, ndiyo utaratibu, unagonga tu mlango. Yale maghorofa yanafanana kama vikombe vya seti moja. Nikagonga, akafungua mzee mwenye sweta, nikajitambulisha jina, nikaingia, nikaanza: unalala saa ngapi, nani anakutembelea, unakunywa pombe, upweke ukikuzidi unafanya nini. Mzee akajibu yote kwa adabu, akaniandalia chai ya tangawizi, akanionyesha hata dawa zake. Nilipouliza kama ile bangili ya mguuni ya kumfuatilia anakokwenda inamsumbua, akatazama mguu wake, akaniuliza kama kisukari siku hizi kinatibiwa kwa bangili. Alidhani nimetoka kliniki. Kumbe nilikuwa nimeingia jengo la jirani, si la mtu wangu. Kwa bahati sikuwa nimetaja kesi ya mtu yeyote. Mzee alinisihi nije tena mwezi ujao, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari zake kwa makini hivyo. Kwa hiyo, wanangu: uliza jina kabla hujavua viatu.

Sasa kazi yenyewe. Watu wanadhani ni kukimbizana na majambazi. Hapana, ni kukaa. Unakaa na mtu ambaye amefanya jambo linalokutia kichefuchefu, na unamuuliza habari za kufua nguo. Humpendi, humchukii, unamwangalia. Daktari Shirin alisema mtu wa aina hii haanguki ghafla, anateremka ngazi polepole. Kwanza anaanza upweke, halafu uvivu, halafu siri ndogo, halafu anajiambia uongo, na mwisho wa ngazi kuna mtoto wa mtu au mke wa mtu. Matibabu ni kumfundisha azijue ngazi zake mwenyewe, aseme akiwa kwenye ya kwanza. Usimamizi ni wewe kuzijua pia, ili asipokuambia, uone.

Kwenye kikao chake Daktari alikuwa na ugomvi mmoja mkubwa, ugomvi na vitenzi. Mtu akisema "ilitokea," anamsimamisha. Akisema "nilijikuta," anamsimamisha. "Ulijikuta vipi? Ulikuwa umepotea?" Alitaka kila sentensi iwe na mwenyewe. Wanaume wakubwa, wenye michoro mpaka shingoni, walikuwa wanahangaika kutamka "nilifanya" kama watoto wa darasa la kwanza. Ukiwasikia ungecheka, halafu ungeacha kucheka.

Mimi nami nilikuwa na swali langu, na hili nawaachia kama urithi: Jumapili ulikula nini? Msimuulize mtu anajisikiaje. Hisia atakutungia, tena atatunga vizuri, amesomeshwa na wataalamu. Lakini chakula mtu anakijibu kabla hajafikiri. Mtu aliyekuwa anakula maharage ya kopo kila siku, ghafla anakuambia amekula kuku wa kuchoma na kachumbari, mwulize nani kachoma. Vijana kazini walinicheka. Siku hizo bangili zilikuwa zimeingia, wanakaa mbele ya kompyuta, kila mtu ni nukta kwenye ramani: nukta ikiwa ya kijani, tumelala salama. Bangili ni kitu kizuri, sikatai, imeniokolea safari nyingi kwenye theluji. Inakuambia mtu yuko wapi. Yuko na nani, haikuambii.

Hapo ndipo anapoingia Elias. Alikuwa mtu wa kwetu, wa Afrika Mashariki, nchi sitaitaja maana mtaanza kubishana. Umri wa makamo, mpole, msafi, fundi wa kukarabati fanicha. Alikuwa anaishi kwenye nyumba ya mpito mtaa wa Parkdale, mahali wanapokaa waliotoka gerezani kabla ya kuruhusiwa kujitegemea. Alifungwa kwa sababu alimdhuru mtoto wa kike wa familia iliyomkaribisha kwao kama ndugu. Alikuwa amefanya hivyo zaidi ya mara moja, kwa familia zaidi ya moja. Ndiyo maana alikuwa na mimi. Masharti yake yalikuwa yanaeleweka: asikae na mtoto yeyote, na urafiki wowote mpya na mwanamke auripoti.

Kiingereza chake cha kikao kilikuwa kinang'aa. Nawajibika, natambua madhara, naheshimu mipaka. Ukimsikiliza unaweza kumpa funguo za nyumba. Mimi nilikuwa naongea naye Kiswahili, na kwa Kiswahili alikuwa na sentensi moja tu kuhusu kosa lake: "Mama Neema, shetani alinipitia." Nilimwambia Daktari. Akakunja uso: "Kwa Kiingereza ametubu. Kwa Kiswahili bado yuko na shetani. Endelea na Kiswahili."

Basi nikaenda likizo Tabora kumwona mama yangu, nikamwachia Elias mwenzangu mmoja wa ofisini, kijana hodari na mwenye moyo mzuri. Niliporudi akaniambia kwa furaha kwamba Elias anaendelea vizuri, Jumapili anakwenda kula kwa dada yake mtaa wa Weston. Familia inamshika mkono, akasema, na nukta ni ya kijani kila wiki. Nikamshukuru, sikuwaza kitu, nilikuwa bado na uchovu wa ndege.

Elias akaja ofisini. Tukasalimiana, akaniuliza hali ya nyumbani, mvua zimenyesha, mama anaendeleaje. Nikamtupia swali langu bila hata kufikiri.

"Jumapili ulikula nini?"

"Mukimo na kuku wa kuchoma, Mama. Nilikula kwa dada."

Mukimo ni viazi na mahindi ya kuponda, chakula cha Kenya; mkono wangu ukasimama juu ya kikombe. Elias hakuwa na dada Kanada. Ndugu zake wote walikuwa nyumbani.

"Dada yupi? Wa tumbo moja?"

"Aa, dada wa kanisani."

"Yaani rafiki."

"Si rafiki, Mama. Rafiki ningeripoti. Huyu ni dada."

Nikamwangalia usoni, naye akaniangalia bila kupepesa, na nikaona jambo moja: kwa Kiingereza alikuwa amemdanganya mwenzangu, lakini kwa Kiswahili alikuwa anasema kweli. Kwetu sisi mwanamke akikukaribisha mezani ni dada, imekwisha, nani anauliza cheti cha kuzaliwa? Mwenzangu angewezaje kujua? Neno lilikuwa limepita mlangoni limevaa nguo mbili.

"Dada ana watoto?"

Akatazama chini.

"Elias. Ana watoto?"

"Wawili. Wa kike."

"Wanakuitaje?"

"Mjomba."

Nilitamani kumzaba kofi, nawaambieni bila kuficha, na kofi lenyewe lingekuwa la Kinyamwezi. Badala yake nikamwambia atoe vyote vilivyomo mfukoni aweke mezani. Akatoa tiketi ya basi, funguo, na pakiti ya peremende. Elias hakuwa anakula vitu vitamu, meno yake hayakumruhusu. Na peremende ndiyo iliyokuwa ngazi yake ya pili au ya tatu, alikuwa ameisema mwenyewe mbele ya Daktari Shirin.

Sikungoja. Nilimwita bosi wangu, Elias akazuiwa pale pale, na jioni hiyo hiyo nikaenda Weston na mwenzetu wa ulinzi wa watoto. Mwenye nyumba ni nesi kutoka Kenya, nitamwita Mama Makena. Alitufungulia akiwa bado na sare ya kazi. Wasichana wake walikuwa mezani wanafanya kazi za shule, mkubwa Makena na mdogo wake, wameketi miguu inaning'inia. Tukawaacha wanachora na yule mwenzetu, ambaye anajua namna ya kuongea na watoto, mimi nikakaa jikoni na mama yao nikamweleza.

Hakulia. Alinawa mikono kwenye sinki kwa muda mrefu sana.

"Na ninyi mlikuwa mnajua," akasema.

"Tulijua yeye ni nani. Hatukujua kama anakuja hapa."

"Mimi ndiye nilimwalika, Mama Neema. Nilimkuta anakula mkate mkavu nje ya kanisa, nikasema mtu wetu hawezi kula peke yake Jumapili na mimi nina sufuria. Nilifanya vibaya?"

"Hapana," nikamwambia. "Ulifanya vizuri. Aliyefanya vibaya ni yeye."

Akafunga bomba. Halafu akaniuliza swali ambalo kila mzazi huuliza, na nilikuwa nimelisubiri kwa hofu tangu mlangoni. Mwenzetu akatoka sebuleni, akatikisa kichwa taratibu. Elias hakuwa ameachwa nao peke yake hata mara moja. Mama Makena alikuwa na desturi ya kula wote mezani, na baada ya chakula mgeni anasindikizwa mpaka kituo cha basi. Hakuna kilichotokea. Hapo ndipo alipokaa chini, na mimi nikakaa pembeni yake, tukashikana mikono kama watu waliotoka mtoni.

Elias alirudishwa ndani huku bodi inayoamua masharti ya walioachiwa ikitafakari. Baada ya majuma kadhaa Mama Makena alinipigia simu. Alitaka kumwona. "Nataka anieleze yeye, kwa mdomo wake. Nijue kama nilikuwa dada au nilikuwa mlango." Si kawaida, na kuna wakubwa walioguna. Daktari Shirin ndiye aliyesema iwe, ila yeye awepo, na iwe kwa Kiswahili.

Tukakaa wanne kwenye chumba kidogo. Elias alikuwa amekonda. Akaanza vile vile.

"Dada, shetani alinipitia."

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa shali. "Elias, mimi natazama viti. Naona watu wanne. Shetani hakualikwa leo. Anza tena."

Mimi nilijiuma mdomo nisicheke, wanangu, hata mahali kama pale. Elias akasogeza kiti. Akajaribu kwa Kiingereza, zile sentensi zake zinazong'aa, Daktari akamwinulia kidole. Jasho lilimtoka.

"Nilimdhuru mtoto wa watu walionikaribisha," akasema. "Mimi. Nilikuwa nawaita watu ndugu ili wasiniulize maswali. Nilijua mtu akishakuwa ndugu haulizwi."

"Na kwangu?" akauliza Mama Makena.

"Kwako siku ya kwanza nilikuwa na njaa tu, haki ya Mungu. Baadaye nikaanza kuhesabu watoto wanalala chumba gani. Nilinunua peremende. Sikumwambia mtu. Nilijua ninateremka, nikanyamaza kwa sababu chakula chako kilikuwa kitamu na nilitaka niendelee kuja."

Mama Makena akachukua mkoba wake. Sura yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka.

"Asante kwa kunijibu," akasema. "Sitakusalimia nikikuona barabarani. Na usiniite dada tena, mimi wala mwanamke mwingine yeyote, mpaka amejua wewe ni nani."

Akatoka. Elias akaweka kichwa mezani akalia kwa sauti. Daktari Shirin akamwacha alie, akanong'ona upande wangu: "Sasa ndiyo ameanza matibabu. Tumetumia miaka kwenye lugha isiyo yake."

Bodi ilimrudisha Parkdale baadaye, na masharti makali zaidi. Moja nililipendekeza mimi: aripoti kila mtu anayemwita, au anayemwita yeye, kwa jina la undugu. Mwanasheria alisoma mara mbili akaniuliza hii maana yake nini. Nikamwambia aje kwetu kwenye harusi moja, ataelewa.

Na hapo ndipo yalipoanza mateso yangu. Elias aliripoti kila kitu. Simu inalia: "Mama, dereva wa basi ameniita kaka." Sawa, Elias. "Mama, kuna mzee dukani ameniita mwanangu, je?" Sawa, Elias. Siku moja alipiga kuniambia Msomali wa karakana amemwita shemeji na hajui imekuwaje. Nililalamika kwa Daktari kwamba mtu huyu ataniua kwa ripoti. Akamimina chai. "Umlalamikie mtu anayeongea?" akasema. "Wewe omba wote wawe hivyo." Na kweli, mwaka mmoja kabla sijastaafu alinipigia kuniambia muumini mmoja amemwalika chakula, ana wajukuu nyumbani, na yeye amekataa na amemwambia sababu. Nilimuuliza yule mtu alisema nini. "Aliondoka, Mama." Nikamuuliza basi Jumapili alikula nini. "Nilipika wali," akasema. "Uliungua." Niliweka simu chini nikafurahi siku nzima, na mwenzangu wa ofisini akadhani nimeshinda bahati nasibu.

Mama Makena na mimi tukawa marafiki. Wasichana wake aliwafundisha yote ambayo mtoto anapaswa kujua kuhusu mwili wake na kuhusu watu wazima. La Elias alisema atawaambia wakikua, lakini miaka ikapita naye hakuona haja ya kuwabebesha.

Majira ya joto yaliyopita nilikuwa Weston nasubiri treni ya kwenda mjini, nikawakuta, yeye na Makena. Makena sasa yuko chuo, mrefu kunipita, anaelewa Kiswahili chote na anajibu Kiingereza kitupu. Tukapanda, tukakaa pamoja. Tukawa tunataniana kuhusu Jumapili za nyumbani kwao na wageni wa mama yake, maana mwanamke huyo hajaacha kukaribisha watu, ila sasa anawauliza maswali mpaka wanajuta.

"Kuna mjomba mmoja alikuwa anakuja tukiwa wadogo," Makena akasema. "Simkumbuki jina. Alituahidi atatufundisha drafti, halafu akaacha kuja, hata kuaga hakuaga. Nilimkasirikia mwaka mzima."

"Mkorofi sana huyo," nikasema.

"Sana," akasema, akicheka, akitoa simu yake. "Nadhani ndicho kitu kibaya kuliko vyote nilichowahi kufanyiwa utotoni."

Mama yake alikuwa anatazama dirishani. Akanishika mkono chini ya mkoba, akaubana, hakuuachia mpaka tulipofika mjini.